Mtutu wa Kushoto wa Elsie

Msumari ulilia juu ya mlango wa jikoni, ule unaotundikiwa Elsie. Alfajiri ilikuwa bado giza, na Verna akajua kuwa mumewe amerudi.

Wanaume wa milima ile ya Kentucky waliziita Elsie, kwa matamshi ya herufi L.C., bunduki zao za L.C. Smith zenye mitutu miwili, wakazipaka mafuta kwa upole ambao wake zao hawakuwahi kuuonja.

"Umesema unaniacha, bibie?" Pombe ilimtangulia. "Haya, niache basi."

"Shusha hiyo bunduki. Mtoto amelala."

Mumewe akavuta kifyatulio cha mbele. Kacha! Mtutu wa kulia ulikuwa mtupu.

Akacheka. "Huo ni wa kindi tu. Wa kushoto ni wa dubu, na tangu enzi za babu haujalala bila risasi."

Ilikuwa kweli, na Verna aliijua. Kidole kikarudi nyuma, kikitafuta kifyatulio cha pili.

Verna akanyakua kikaango cha chuma, kingali na makombo ya mkate wa mahindi, akampiga nacho kichwani. Alipoanguka akampiga tena, na tena, mpaka vidole vikamwachia Elsie. Damu ikatambaa kwenye chuma cha bunduki, ikajaza taratibu michoro ya kware waliochongwa pale, bawa kwa bawa.

Akageuka. Binti yake alikuwa amesimama na gauni la kulalia, viganja vimejaa unga wa mahindi, na katika kila kiganja risasi moja.

"Mama, nilizitoa zote mbili jana, nikazificha kwenye unga."