Pua Kali ya Nguchiro

Wanyama nao wana Jumapili yao, na katika kusanyiko lao hakuna aliyeogopwa na wahubiri kama Nguchiro. Fundisho bovu alilinusa kabla halijamaliza kutamkwa.

Siku hiyo alikuja mhubiri mgeni, Kicheche, amevaa tai nyekundu shingoni. "Mwenye imani ya kweli," alipaza sauti, "hafungi mlango wa banda usiku!"

Kuku wakaanza kupiga makofi. Nguchiro akasimama na Biblia yake iliyojaa mistari ya kalamu.

"Mtumishi, hilo limeandikwa kitabu gani? Sura ya ngapi?"

Kicheche akababaika, akakohoa, mara akakumbuka kwamba ana mkutano kwingine. Kuku wakashangilia. Nguchiro akajiona mrefu kuliko twiga.

Ukafika wakati wa ushuhuda, akasimama Mama Kanga.

"Bwana asifiwe. Mayai yangu matatu yametoweka asubuhi hii. Ndugu Nguchiro, wewe unayejua kupambanua mambo, hebu nisaidie."

"Jambo hilo, mama, linahitaji tufunge na kuomba," akajibu Nguchiro kwa upole.

"Tutafunga. Ila wewe sijui utaanza lini, maana ndevu zako bado zina kiini cha yai."

Nguchiro akajipangusa mdomo. Mkono ukarudi wa njano. Akafungua Biblia atafute pa kujificha, lakini kila mstari alioupigia kalamu aliupigia kwa ajili ya wengine. Akaifunga, akaenda kusimama palepale aliposimama Kicheche.

"Bwana asifiwe," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

"Amina," akaitikia Mama Kanga. "Endelea."