Tangu Mwaka Jana

Kwa miaka minne, tangu apimwe na kukutwa na VVU, Mwanaidi alilala chumba cha watoto. Mumewe, Shomvi, hakuwa na virusi, na Mwanaidi hakutaka kumwambukiza.

Siku hiyo waliingia kliniki pamoja. Muuguzi akasoma majibu.

"Virusi havionekani kwenye kipimo. Ukiendelea kumeza dawa kila siku, mama, humwambukizi mumeo mkikutana kimwili."

"Tangu lini?" Shomvi akauliza.

"Tangu mwaka jana. Nilimwambia."

Shomvi akamgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Nilijua, baba Tatu. Niliogopa kuamini. Na wewe ungeugua, watoto wangebaki na nani?"

Shomvi alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Muuguzi akaita jina la mgonjwa aliyefuata, lakini wao wawili walibaki wamekaa.