Kikohozi cha Dinamo

Saa moja kasorobo jioni, dinamo ya baiskeli ya marehemu ilipita tena nyuma ya jiko. Mluzi mrefu, kikohozi kimoja, mluzi. Mwanga uliingia kwa kidirisha cha juu, ukatambaa kwenye sufuria zilizotundikwa ukutani, ukatoka. Mjane aliacha mwiko ndani ya chungu akazunguka nyumba mbio. Kichochoro kilikuwa kitupu.

Baiskeli ya mumewe ilikuwa stoo, imetundikwa kwenye msumari, tairi zimeishiwa upepo.

Lakini sauti ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Kichwa cha dinamo, kinachosuguana na tairi ili taa iwake, kilipolika, mumewe alikivalisha kipande cha mpira alichokata kwenye kandambili ya mkewe bila hata kuomba ruhusa, akakikaza kwa waya mwembamba wa shaba. Ncha za mpira hazikukutana sawasawa, ndiyo maana dinamo ilikohoa. Mke alibaki na kandambili ya mguu mmoja, na kwa miaka kumi na tisa kikohozi hicho ndicho kilichomwambia apakue chakula. Mumewe hakuwa mtu wa mlango wa mbele. Alipita kichochoroni, akaingilia jikoni.

Wiki moja kabla ya kifo, fundi baiskeli alimwambia marehemu kwamba dinamo ile imeungua, na ameshaitupa kwenye vyuma chakavu. Akamfungia nyingine. Fundi na marehemu walikuwa chanda na pete, kwa hiyo neno lake halikuulizwa mara mbili.

"Miaka yote nimeilea," marehemu alilalamika huku akicheka, "na maiti yake sikuonyeshwa."

Siku ya saba taa ilizimika njiani. Lori likamgonga kwa nyuma. Dereva aliapa hakuona chochote chekundu mbele yake.

Basi mjane alijiunganishia mwenyewe: dinamo imekufa, mwenye dinamo amekufa, wamekutana huko huko na sasa wanarudi pamoja. Hakuogopa. Kilichomtesa ni kwamba kila jioni mumewe alipita bila kusimama.

Binti yake alikuwa amekuja kumchukua. "Mama, gari linakuja kesho mchana. Nyumba hii inakumaliza."

"Na baba yako nimwachie nani?"

"Baba tumemzika, mama."

"Ninyi mmemzika. Mimi ninamsikia."

Binti alifuta machozi akaendelea kufunga mizigo. Hakujua kwamba mama yake alikuwa akisubiri neno moja tu kutoka kwa mumewe: nenda. Bila neno hilo, hata kwenye gari angepandishwa kwa kubebwa.

Asubuhi mjane aliikokota baiskeli hadi kwa fundi. Pengine mumewe hatulii kwa sababu taa yake bado mbovu. Hilo hakulisema. Mtaa ungesema amerukwa na akili, na mtaa haukawii.

"Shemeji!" fundi alishtuka. Duniani ni yeye peke yake aliyemwita hivyo, maana marehemu hakuwa na ndugu wa kiume. Tangu mazishi fundi hakuwa amekanyaga barazani kwa mjane; alisema akiiona tu machozi yanamtoka. Baiskeli ya fundi mwenyewe ilikuwa imeegemezwa pembeni, imefunikwa gunia kama mgonjwa wa homa.

"Nataka taa hii iwake," mjane alisema. "Hata mara moja."

Fundi alijaza upepo. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akalaza dinamo kwenye tairi, akazungusha gurudumu. Giza. Akabadili balbu. Giza. Akaufuata waya kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma, akaukata ncha na kuufunga upya, akapiga msasa fremu pale umeme unaporudia ili rangi isizuie. Akazungusha tena. Taa ya nyuma ikapepesa wekundu hafifu, ikafa.

"Na dinamo yenyewe?"

"Dinamo nzima, shemeji. Mpya ile." Hakuigusa. Aligeuza uso akaanza kupangusa spana iliyokuwa safi tayari, na mjane akamwonea huruma. Kumbe hata huyu msiba haujamtoka.

"Mnaondoka lini?" fundi aliuliza, macho kwenye spana.

"Leo mchana."

"Afadhali." Alishusha pumzi. "Nenda kwa mwanao ukapumzike, shemeji. Hapa pana mawazo mengi."

Mchana gari halikuja. Dereva alituma salamu kwamba limeharibika, watasafiri kesho alfajiri. Binti alinuna. Mjane alishukuru kimoyomoyo, kwani alikuwa amepewa jioni moja zaidi.

Mlango wa jikoni ulikuwa na komeo tangu siku ya mazishi. Giza lilipoanza kuingia, mjane alipiga moyo konde akaliondoa. Aliuacha mlango wazi, akasimama katikati ya kichochoro, bila kibatari wala mshumaa. Kichochoro kilikuwa chembamba. Mwenye baiskeli asingeweza kumpita bila kusimama.

Mluzi mrefu. Kikohozi kimoja. Mluzi.

Mwanga ulikunja kona, ukaangukia miguu yake, ukapanda hadi usoni. Mjane alinyoosha mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Mume wangu," alisema, "leo mlango uko wazi. Niambie niende, nami nitaenda."

Breki zililia. Magurudumu yakasimama, na taa ikazimika pamoja nayo, kama ilivyo ada ya dinamo. Gizani, hatua mbili mbele yake, mtu alikuwa akihema.

"Shemeji?" sauti ikasema. "Si uliniambia unaondoka leo?"