Tundu Lililobaki Wazi

Kila mwalimu wa ushonaji aliyejiunga na chama chetu alishona tundu lake la kifungo kwenye kitambaa hiki. Akifa, waliobaki huliziba kwa kifungo.

Matundu ni thelathini na moja. Lililobaki wazi ni langu.

Leo, hapa kwangu Tassia, nimetunga uzi sindanoni nilizibe mwenyewe. Nani mwingine ataliziba?

Akech, niliyemfundisha na sasa anafundisha, alikuwa amekuja kunijulia hali. Alininyang'anya kitambaa, akakata tundu jipya kando ya langu, akaanza kushona kingo zake.

"Nimechoka, Akech. Hiki chama kimekwisha."

"Najua, madam," akasema, huku anashona.

Nikavaa miwani. Mishono yake ilikuwa imelegea.

"Fumua," nikamwambia. "Anza upya."