Kanga Kwenye Kibano

Nati ilichomoka mbele ya macho ya Mama Mageni, ikagonga chuma mara moja, ikapotelea shimoni.

Alikuwa amewaletea wachimbaji ugali, amesimama nje ya kamba ya katani iliyolizunguka shimo. Ndani ya kamba ile mwanamke haingii. Wanasema dhahabu itakimbia.

Kibano cha chuma kilichoning'iniza bomba la maji kilibaki na boliti moja tu. Kila pampu ilipotikisika, vipande vyake viwili vilizidi kuachana. Na chini ya bomba, mwenye shimo alikuwa anavutwa juu kwa winchi.

"Kibano kinaachia!" Mama Mageni alipiga kelele.

Mzungusha winchi aligeuza shingo tu. "Nikiachia mpini namuua, mama. Na wewe usivuke!"

Mama Mageni alitua sufuria, akavuka. Alifungua kanga kiunoni, akaifunga kwenye kibano, akapenyeza mwiko wa ugali kwenye fundo na kuusokota mpaka vipande vikakutana. Mtetemo wa bomba ulimpanda hadi kwenye meno.

Sauti ya mwenye shimo ikatoka gizani chini. "Nimesikia mwanamke! Simamisha winchi. Atoke kwanza!"

Winchi ikasimama.

"Bosi, kibano..." mzungusha winchi alianza.

"Nimesema atoke!"

Mwiko ukalia, ufa ukatambaa kutoka kwenye fundo mpaka kwenye vidole vya Mama Mageni. Mzungusha winchi alimtazama, mikono imeganda kwenye mpini.

"Zungusha," alisema Mama Mageni.