Hakuuliza Bei

Elodie alishuka mteremko wa Kadutu mbio, mikono bado ina povu la sabuni. Aliyemletea habari ni jirani yake Gisèle. Polisi walipiga simu kwa Gisèle kwa sababu telefone ya Elodie ilikuwa imezimika tangu asubuhi. Umeme haukuwepo mtaa mzima.

"Mama Carmel, bwana yako iko mu mikono ya polisi," Gisèle alisema, halafu akashusha sauti. "Banamukamata mu chumba cha hoteli. Ni mambo ya banamuke."

Njia nzima Elodie alijiambia wamekosea jina. Patrice wake, mwalimu wa hesabu, mwimbaji wa besi parokiani, mtu anayeona haya hata kucheza kwenye arusi? Haiwezekani. Lakini kila aliyepishana naye barabarani alionekana kama mtu anayejua tayari.

Alifika kituoni kitambaa cha kichwa kimelegea na uso umejaa jasho. Komanda Hugues alimkazia macho.

"Sura yako naijua, maman. Unasalia parokia gani?"

Elodie alivuta kitambaa mpaka kwenye paji la uso. Hilo tu ndilo lilikuwa limebaki, parokia nzima ipate kujua.

Komanda alikuwa na furaha siku hiyo, na furaha yake ilimtisha Elodie kuliko makelele. Alimweleza mtego wao kwa raha, bila haraka. Wanaweka picha ya mwanamke mzuri kwenye kikundi cha WhatsApp, wanaandika kwamba anangoja katika hoteli fulani. Wanaume wanaandika wenyewe, wanakuja wenyewe. Chumbani wanakuta polisi.

"Na huyo mwanamuke?"

"Mwanamuke hakuna. Picha tu." Komanda alicheka. "Bengine banaanza na bei. Banabishana, banapunguza. Wako, hapana. Bei hakuuliza. Aliandika tu: usitoke hapo, nakuja sasa hivi. Alifika mbio, hata kupiga hodi hakupiga. Ule alikuwa na njaa, maman."

 Elodie alitafuta mahali pa kukaa, hapakuwepo.

Komanda akamweleza sheria yake, maana ilikuwa yake mwenyewe, haijaandikwa popote. Mwanamume mwenye ndoa, bibi yake akimsamehe hapo mbele yake, anarudi nyumbani. Akikataa, jeep inampeleka gerezani pamoja na wengine, leo leo. Na gereza Elodie alilijua. Kaka yake Gisèle alipelekwa huko akitembea kwa miguu yake, wakamrudisha katika blanketi.

Wakamtoa Patrice. Mdomo wake ulikuwa umevimba na shati halina vifungo. Alipomwona Elodie alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye sandali, kama asiyeamini, akashusha pumzi ndefu. Halafu akauliza mbele ya watu wote:

"Elo, leo ulikuwa wapi?"

Yaani mtu anakamatwa hotelini, na yeye tena ndiye wa kuuliza maswali. Damu ilimpanda Elodie kichwani.

"Nilikuwa nafua manguo yako. Na wewe?"

"Ulikuwa unafua," Patrice alirudia. Machozi yakamtoka. "Asante Mungu. Elo, sikia, haiko vile unafikiri..."

Ndivyo wanavyosema wote.

"Funga kinywa," komanda alisema. "Hapa ni maman tu anasema."

Elodie aliogopa. Aliogopa gereza, aliogopa ugonjwa ambao labda ulikuwa umeshalala kitandani kwake, aliogopa Jumapili na macho ya wanakwaya. Zaidi ya vyote aliogopa machozi yale, kwa sababu yalikuwa yameanza kumlegeza. Neno moja lingetosha. Patrice angerudi nyumbani, angekula, angelala pembeni yake, na yeye angebaki mwanamke ambaye mume wake alikimbilia mwingine bila hata kuuliza bei. 

"Simusamehe," alisema. "Mumupeleke."

 Patrice alifungua mdomo, askari mmoja akamzaba kofi, akaufunga. Wakamsukuma nyuma ya jeep katikati ya wengine, goti lake likagonga chuma. Kupitia dirishani Elodie alimwona anajaribu kugeuka amtazame, lakini gari lilikuwa limejaa, na mara likatoka barabarani.

Hapo hasira ikamtoka yote, ikabaki hofu tupu. Atalala wapi huko? Nani atampelekea chakula? Na Carmel akiuliza baba yake?

"Komanda, ile jeep inaweza kurudia?"

"Jeep hairudie, maman. Umeshasema."

Elodie akaegemea ukuta na kulia kwa sauti, bila kujali nani anamsikia. Komanda akamwonea huruma, kwa namna yake.

"Usijilaumu. Ule mwanamuke wa picha, hata mimi angenimaliza. Tulimuokota mu statut za batu za WhatsApp, hata jina yake hatuijue. Ona mwenyewe."

Akamsogezea telefone. Mwanamke alikuwa amepaka midomo rangi, mkono kiunoni, amependeza katika kitenge cha Machi nane, sikukuu ya wanawake. Alikuwa yeye mwenyewe, Elodie, mbele ya nyumba yao, anamchekea Patrice aliyekuwa anampiga picha.