Mnunaji na Mkarimu

"Swali langu ni moja tu, mama," fundi alisema kwa mara nyingine. "Ua lipi kati ya haya halichimbuliwi kamwe?"

Mama Miche aliacha kumwagilia, akamtazama. Ameuza maua miaka nenda miaka rudi. Ameulizwa rangi, ameulizwa harufu, ameulizwa hata kama mbuzi watayala. Hili la leo lilikuwa jipya.

"Kaa kwanza, baba." Akavuta kiti, akakipangusa vumbi, akamkalisha. Mkewe, aliyesimama nyuma yake, hakuambiwa hata karibu.

Kupuuzwa alishazoea. Mumewe hakuwa amemsemesha tangu mvua zilipoanza, yaani tangu alipochimba lile shimo chini ya dirisha la jikoni, akalifukia, kisha akawatangazia majirani kwamba anatengeneza bustani. Bustani! Fundi vigae ambaye tangu azaliwe hajapanda hata kitunguu! Majirani walicheka, wakapita zao. Lakini Jumamosi alikuwa anakuja shemeji, kaka wa mkewe, mtu wa maswali yasiyoisha, na tuta lilikuwa bado tupu.

Mkewe alijua kilichofukiwa pale. Alijua na kina chake: kiunoni mwa mtu mzima, si zaidi. Alitaka kitu kimoja tu duniani, pale pachimbuliwe.

Mama Miche aliweka vyungu viwili mezani.

"Hawa ni ndugu. Majani yao ni yaleyale, hata mimi nikizubaa nawachanganya mpaka wachanue. Wote ukipanda mara moja umepanda, kila mwaka watachanua wenyewe. Ila tabia zao sasa, mbingu na ardhi! Huyu wa zambarau namwita Mkarimu. Anazaana chini kwa chini, mizizi yake inashuka kina cha kiunoni. Kila baada ya miaka mitatu umchimbue mzima, umgawe, la sivyo anaacha kuchanua. Na majirani hawatakuacha. Kila mtu atakuja na jembe lake, nigawie na mimi, nigawie na mimi."

Uso wa fundi ulisawijika.

"Huyo," mkewe alimwambia sikioni. "Chukua huyo."

Fundi alijikuna sikio. "Na huyu mweupe?"

"Huyo ni Mnunaji. Sura nzuri, lakini roho yake, we! Ukishampanda usimguse. Ukitia jembe karibu yake tu, ananuna, maua huyaoni tena. Watu walio naye huwa wakali. Mgeni akisogea na jembe, anafukuzwa."

"Milele?"

"Utawaachia wajukuu."

"Nipe huyo. Wa kujaza tuta zima."

"Tuta lenyewe lina ukubwa gani?"

Fundi alifungua mikono, akaifunga, akatazama viatu vyake. "Kama kitanda. Kitanda cha mtu mmoja."

"Sasa weupe mtupu si utakuchosha macho? Changanya kidogo na Mkarimu, baba. Utanishukuru."

"Nimesema mweupe!" Sauti ilimtoka kubwa mpaka mwenyewe akashtuka. Akaishusha haraka. "Samahani, mama. Kwetu tunapenda weupe."

"Mwongo mkubwa wewe!" mkewe alifoka. "Lini mimi nimependa weupe?"

Akipandwa Mnunaji, basi tena, imetoka hiyo. Kaka yake atakuja Jumamosi, atasifu bustani, atakunywa chai yake na kuaga. Na hakuna jembe litakalogusa pale mpaka watu wasahau.

Mama Miche aliingia banda la nyuma kufunga mzigo. Mwanamke akamfuata. Mizizi ilikuwa imepangwa kwenye makasha mawili, kushoto ya mweupe, kulia ya zambarau. Kwa mtu wa vigae, mizizi ni mizizi tu. Mkono wa Mama Miche ulikwenda kushoto, ukasita.

"Ana lake jambo huyu," alinong'ona peke yake.

Mkono ukahamia kulia. Akachota mizizi ya Mkarimu, akaizungushia magazeti, akaufunga mzigo kwa uzi mweupe.

Mwanamke alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyekuwa amekata tamaa. Mama Miche hakugeuka. Alijipangusa mikono, akatoka nje na mzigo kama mtu asiye na neno moyoni.

"Haya, baba. Mnunaji wako huyo. Panda, mwagilia, usimguse."

"Sitamgusa." Kwa mara ya kwanza tangu afike, fundi alitabasamu.

"Na mkeo msalimie sana. Nilimwahidi mche wa Mkarimu, mpaka leo hajaja kuuchukua."

"Amesafiri," fundi alisema, akautupia mzigo begani.

Mkewe alimfuata hadi nyumbani, akafika chini ya dirisha la jikoni, akashuka kulala mahali pake na kungoja majembe ya majirani.